Vyombo vya nani, mlango wa nani: mwanamuziki wa kujitegemea kwenye ukumbi mdogo

Msikilizaji, kila tunapopiga wimbo wa bendi isiyo na lebo wala mfadhili, ujumbe unaingia studio kwetu ukiuliza jambo lilelile kwa maneno tofauti. Hawa wanaishije? Hatuwaoni kwenye matamasha makubwa, hawatangazi soda, video zao hazijatazamwa na mamilioni, lakini mwisho wa wiki wapo kwenye ukumbi wa watu themanini au mia, besi inanguruma, watu wanacheza, na wiki ijayo wapo tena. Hewani tunajibu kwa dakika mbili kisha inaingia taarifa ya habari. Hapa tuna nafasi zaidi.

Tuanze na neno lenyewe. Mwanamuziki wa kujitegemea si lazima awe maskini wala asiyejulikana. Ni yule ambaye gharama ya kurekodi anaibeba mwenyewe, wimbo ukishatoka ni mali yake, na hakuna kampuni inayomwambia aimbe nini. Lebo ni kampuni inayomlipia msanii studio, video, nguo na matangazo, halafu inarudisha fedha yake kwa kuchukua sehemu kubwa ya mapato, na mara nyingi inabaki na haki ya kile kilichorekodiwa. Asiye na lebo hana wa kumlipia, lakini pia hana wa kumkata.

Kwetu Tanzania suala hili ni la zamani kuliko neno "lebo". Wazee wa dansi hawakuuliza lebo ni ya nani. Waliuliza: vyombo ni vya nani?

Gitaa la umeme, ngoma za kizungu, vipaza sauti na spika vilikuwa vitu ghali vilivyotoka nje ya nchi, na wanamuziki wengi hawakuwa na uwezo wa kuvinunua. Kwa hiyo mwenye vyombo ndiye aliyekuwa mwenye bendi. NUTA Jazz, iliyoanzishwa 1964, ilikuwa chini ya chama cha wafanyakazi kilichoipa jina. Polisi na Jeshi walikuwa na bendi zao. Mlimani Park ilianza 1978 chini ya kampuni ya umma ya usafiri na teksi, na mwaka 1983 ikawa chini ya Shirika la Maendeleo Dar es Salaam, ndiyo maana wengi wetu tunaijua kama DDC Mlimani Park. Hata Super Matimila, bendi iliyomtangaza Remmy Ongala mpaka Ulaya, ilibeba jina la mfanyabiashara aliyekuwa na vyombo, si la mwanamuziki.

Mpango huo ulikuwa na faida zake, tusidanganyane. Mwanamuziki wa shirika alipata mshahara, na gitaa likiharibika lilikuwa tatizo la shirika. Lakini akiondoka, anaondoka na sauti yake tu. Ndiyo sababu bendi za dansi zilivunjika na kuundwa upya mara nyingi vile: tajiri mpya akileta vyombo vipya, waimbaji watatu na mpiga solo wanahamia kwake, na watu mitaani wanasema fulani "amenunuliwa".

Katikati ya hali hiyo vijana wa Dar es Salaam waliupenda muziki wa soul na fanki kutoka Marekani, na upenzi huo haukuwafurahisha wote. Novemba 1969 Mkuu wa Mkoa wa Pwani wa wakati huo, Mustafa Songambele, alitangaza kuupiga marufuku muziki wa soul katika kumbi za Dar es Salaam, jiji ambalo wakati ule lilikuwa ndani ya mkoa huo. Sababu iliyotolewa ilikuwa maadili ya vijana na utamaduni wa taifa. Gazetini yakawaka malumbano ya wasomaji, wengine wakiunga mkono, wengine wakiuliza kama suti na rumba ya Cuba navyo ni asili yetu.

Mdundo haukuondoka. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Dar es Salaam ikapata bendi iitwayo Sunburst, iliyochanganya fanki, roki na ngoma za huku na kuuita mtindo wake Kitoto. Santuri yao ndefu, Ave Africa, ilitoka mwaka 1976, na haikutokea hapa, ilitokea Zambia. Miaka arobaini baadaye, 2016, kampuni ya Uingereza iliitoa upya pamoja na nyimbo zao nyingine, na vijana wa Ulaya wakaanza kuulizana Kitoto ni nini. Sisi tunaona hapo kuna jambo la kufikiria: kazi ya bendi iliyoanzia Dar es Salaam ilivuka mpaka ili itoke, na ikavuka bahari ili ikumbukwe.

Fanki ni nini hasa

Hesabu kwa mguu: moja, mbili, tatu, nne. Katika nyimbo nyingi za pop na roki, mkono wa mpiga ngoma unagonga kwa nguvu kwenye mbili na nne. Fanki nayo ina mgongo huo, lakini uzito wote wa bendi unaangukia kwenye moja. James Brown wa Marekani ndiye aliyeitengeneza namna hiyo katikati ya miaka ya 1960, na aliwadai wanamuziki wake waikumbuke ile "moja" kila saa. Baada ya hapo kila chombo kinapewa kipande kidogo tu. Gitaa linakwaruza noti mbili na kunyamaza. Besi inaruka, inasimama, inaruka tena. Tarumbeta zinadakia na kukaa kimya. Hakuna anayejaza nafasi yote, na ule uwazi kati ya vipande ndio unaomfanya mtu atingishe bega bila kupenda.

Aliyekulia kijijini hili si geni kwake. Kwenye ngoma ya jadi mmoja anashika ngoma ndogo, mwingine kubwa, mwingine anatikisa kayamba, na ukimsikiliza mmoja peke yake huelewi kitu. Vikikutana ndipo panakuwa na ngoma. Fanki ilirudi Afrika ikakuta ndugu zake.

Pop ni jambo jingine: wimbo mfupi, kiitikio kinachoshikika kichwani mara ya kwanza, maneno mepesi. Bendi changa tunazozungumzia hapa zinaoanisha hivi viwili, kiitikio cha pop juu ya besi ya fanki. Na hapo ukumbi mdogo unakuwa na maana. Fanki inategemea wapigaji kutazamana. Mpiga besi anamwangalia mpiga ngoma mguuni. Kiongozi akinyanyua kidole, wote wanakata kwa pamoja. Kwenye jukwaa la uwanja wa mpira wako mita nane mbali na wanategemea spika ndogo za jukwaani kusikiana. Kwenye ukumbi wa mji mdogo wanagusana viwiko.

James Brown mwenyewe alilijua hili. Mwaka 1962 kampuni yake ya kurekodi ilikataa kugharamia santuri iliyorekodiwa mbele ya watu katika ukumbi wa Apollo, New York, ikisema nyimbo za zamani hazitauzika. Akalipa kwa fedha zake. Ilipotoka 1963 ikawa moja ya kazi zake zilizouzika kuliko zote. Apollo si ukumbi mdogo kwa kipimo chetu, lakini alichokuwa anakiuza ni kilekile: kelele za watu waliokaa karibu.

Karibu na sisi kuna mfano wa Nairobi. Just A Band ilianza 2003 na vijana wa Chuo Kikuu cha Kenyatta. Hawakusubiri lebo. Walirekodi wenyewe, wakatengeneza video wenyewe, wakachanganya pop, fanki na muziki wa kompyuta, na santuri yao ya kwanza, Scratch to Reveal, ikatoka 2008. Mwaka 2010 video ya wimbo wao Ha-He, yenye mhusika Makmende, ilisambaa mitandaoni mpaka jina hilo likawa utani wa Kenya nzima. Mwaka huohuo wa 2008 mwanamuziki Muthoni the Drummer Queen alikuwa ameanzisha Blankets & Wine, mkutano wa muziki wa watu kukaa kwenye majani na blanketi zao, kwa sababu wanamuziki wa aina yake walikosa pa kupigia. Hakuna aliyewapa ukumbi, wakatengeneza.

Zanzibar nako tamasha la Sauti za Busara, tangu 2004, limeshikilia kwamba msanii apige na kuimba moja kwa moja, si kufungulia wimbo uliorekodiwa na kushika maiki kama pambo. Siti & The Band, waliotokana na chuo cha muziki cha DCMA cha Mji Mkongwe, wanachanganya udi na kanuni za taarabu na besi yenye ladha ya fanki. Kabla ya majukwaa makubwa, wanamuziki wa chuo hicho walikomaa kwenye maonyesho madogo ya watu wachache.

Hesabu za mlangoni

Sasa tuje kwenye fedha, maana ndilo swali.

Mwenye ukumbi na bendi huwa wanapatana kwa njia tatu. Njia ya kwanza ni malipo ya mkataba: bendi inalipwa kiasi fulani watu wakija au wasipokuja. Ya pili ni kugawana kiingilio kwa asilimia. Ya tatu, inayopendwa sana miji midogo, ni "mlango wenu, kaunta yangu". Bendi inachukua kiingilio chote, mwenye ukumbi anabaki na bia, soda na nyama choma. Inasikika kama upendeleo mkubwa kwa bendi. Tupige hesabu.

Tuseme ukumbi unaingiza watu themanini na kiingilio ni shilingi 5,000. Hizo ni 400,000. Kukodi spika na mitambo, tuseme 150,000. Gari la kubeba vyombo kwenda na kurudi, 60,000. Fundi mitambo 30,000. Chakula cha bendi 30,000. Zinabaki 130,000, na bendi ina watu sita. Kila mmoja anaondoka na shilingi 21,000 na ushei, baada ya mazoezi ya wiki nzima.

Sasa tuseme mitambo ni yao. Ile 150,000 haitoki. Zinabaki 280,000, na kila mmoja anapata zaidi ya 46,000, mara mbili ya awali na chenji juu. Watu walewale, wimbo uleule, usiku uleule. Utaona kwamba wale wazee waliouliza vyombo ni vya nani hawakuwa wanapiga soga. Bendi ya kujitegemea yenye akili haigawani kila kitu. Inatenga kidogo kila shoo, mwezi huu maiki, mwaka ujao spika moja, na wanaandika kwenye daftari nani alichangia nini ili siku ya kutengana wasipigane.

Halafu kuna mlango wenyewe. Tumezungumza na wanamuziki wengi wa mkoani, na kilio chao hakihusu watu kutokuja. Watu walikuja, fedha haikuonekana. Mlinzi wa mwenye ukumbi kawaingiza rafiki zake kumi. Mgeni rasmi kaja na wageni wasio rasmi kumi na wanane. Dawa yake ni rahisi na inachosha: kitabu cha tiketi chenye namba, muhuri wa mkononi, na mtu mmoja wa bendi anayekaa mlangoni asiyekunywa. Usiku ukiisha vishina vinahesabiwa mezani, pande zote mbili zikiwepo, kabla taa hazijazimwa. Lipa namba za simu zimesaidia, kwa kuwa kila malipo yanaacha alama, ila ziandikwe kwa jina la bendi, lisiwe la shemeji wa mtu.

Kuna kipato kingine ambacho hakiingii kwenye mkataba, nacho ni kutunza. Kwenye dansi na taarabu shabiki anasogea mbele na kumbandika mwimbaji noti kwenye paji la uso, au anatajwa jina katikati ya wimbo na kulipia sifa hiyo. Vijana wa pop na fanki mara nyingi wanaona aibu kuomba, na wasikilizaji wao, wengi vijana, hawajui kama wanaruhusiwa. Tunaona ni hasara ya bure. Desturi ipo, ni yetu, na haimpunguzii mtu heshima.

Ugomvi mwingine wa ukumbi mdogo ni kopi, yaani kupiga nyimbo za watu maarufu. Mwenye ukumbi anazitaka, kwa sababu mteja akiusikia wimbo anaoujua anaagiza nyingine. Bendi isiyopiga kopi hata moja inaweza kubaki na viti. Bendi inayopiga kopi usiku kucha inabaki bila jina, hata miaka kumi. Bendi nyingi zinaanza na kopi wakati watu wanaingia, na zinaweka nyimbo zao saa tano usiku ukumbi ukiwa umeshachangamka. Kinachotushangaza ni wanaopiga wimbo wao wenyewe bila kusema ni wao. Watu wanaucheza, wanaupenda, wanarudi nyumbani wakidhani ni wa mtu wa Lagos.

Bati, kona na mluzi

Kumbi zetu nyingi zina kuta za saruji, sakafu ya saruji na paa la bati bila dari. Sauti ikitoka kwenye spika inagonga ukutani, inarudi, inagonga bati, inarudi tena, na maneno ya mwimbaji yanakuwa uji. Muziki wa fanki unaumia kuliko mwingine, kwa sababu ule uwazi kati ya noti unajazwa na mwangwi.

Mafundi wazuri hawaanzi kwa kuongeza sauti. Wanaanza kwa kupunguza. Ngoma hazihitaji maiki kwenye ukumbi wa watu themanini, zinasikika zenyewe. Basi ngoma ndiyo kipimo: sauti ya mwimbaji ipandishwe mpaka ishinde ngoma, kisha besi na gitaa vikae chini ya mwimbaji. Spika ya besi isiwekwe kwenye kona, kwani kona inaivimbisha ikaunguruma bila noti kueleweka. Mablanketi, mazulia au mapazia mazito yaning'inizwe ukuta wa nyuma unaotazamana na spika. Na usiogope ukumbi ukisikika vibaya saa kumi jioni mnapojaribu mitambo. Miili ya watu inameza sauti, ukumbi ukijaa utatulia wenyewe.

Ule mluzi unaotoboa masikio hauletwi na shetani wala na maiki ya Kichina. Maiki inasikia spika, inairudishia sauti, spika inaitoa tena kubwa zaidi, mzunguko unaendelea mpaka upige kelele. Spika zikae mbele ya waimbaji zikitazama watu, mwimbaji asisimame mbele yake, na asifunike kichwa cha maiki kwa kiganja kama anavyoona kwenye video.

Wimbo ukitoka ukumbini

Msikilizaji anaweza kusema: si waweke nyimbo mtandaoni walipwe? Wanaweka. Ila majukwaa ya kusikiliza muziki hulipa chini ya senti moja ya dola kwa wimbo kusikilizwa mara moja, na hapo bado wa kati hajachukua chake. Bendi ndogo inahitaji wasikilizaji maelfu kwa maelfu kufikia kile ilichokipata kwa watu themanini mlangoni. Mtandao unamfikisha mwanamuziki mbali, na ukumbi ndio unaomlipa nauli.

Kuhusu haki, sheria ya hakimiliki ya Tanzania ya mwaka 1999 inamlinda mtunzi hata asiye na lebo, na kazi inaweza kusajiliwa COSOTA ili ukitokea ubishi kuna karatasi. Kenya ofisi yake ni KECOBO. Kwa Tanzania msanii pia anajisajili BASATA, na kwa aliye mbali na Dar es Salaam mlango wa karibu ni afisa utamaduni wa wilaya. Aende kumwona kabla hajabandika tangazo la shoo, siyo asubuhi ya siku yenyewe. Redio, baa na kumbi zinazopiga nyimbo za watu zinatakiwa kuzilipia. Ndiyo, na sisi tumo humo. Ni haki ya mwanamuziki kutuuliza.

Tunapokea nyimbo nyingi zilizorekodiwa ukumbini kwa simu, na nyingi hatuwezi kuzirusha. Kama una bendi na unataka kututumia, simu isiwe mbele ya spika, itazidiwa na besi. Iweke katikati ya ukumbi, juu ya kimo cha vichwa, uizime mitetemo na uiweke isiingize simu za watu. Rekodi wimbo mmoja mzima, mwanzo hadi mwisho. Tutumie kama faili, kwa sababu ukiutuma kama sauti ya kawaida ya WhatsApp unabanwa na kupoteza ubora. Kwenye ujumbe andika jina la bendi, jina la wimbo, nani katunga, na siku na mahali mnapopiga tena, pamoja na kiingilio. Hiyo ya mwisho wengi wanaisahau, na ndiyo wasikilizaji wetu wanayotuuliza kwanza.